Kuondoa fremu ya grafu kwenye R (lugha ya kompyuta ya takwimu), ibaki mihimili miwili
Waalaikumu salamu, ndugu yangu wa Malindi. Umeuliza jinsi ya kuondoa boksi linaloizunguka grafu yako ya samaki wa kusi na kaskazi, ubaki na mstari wa chini na wa kushoto tu. Ndani ya amri ya kuchora, `plot`, ongeza `bty = "l"`. Fremu itabaki na umbo la L kubwa. Mimi huku Lamu grafu zangu zote huzichora hivyo, boksi kamili naliona kama dirisha lenye nondo.

Ukiweka `"n"` fremu yote huondoka, lakini mihimili haitakutana pembeni. Usidhani umekosea. R huchora mstari wa mhimili kuanzia alama ya kwanza hadi ya mwisho basi, na data nayo huachiwa nafasi ya asilimia 4 kila upande, ndiyo maana kuna pengo. Ukitaka kuchagua mwenyewe unene wa mstari (`lwd`), weka `axes = FALSE` kwenye `plot`, kisha:

`axis(1, lwd = 0, lwd.ticks = 1)`
`axis(2, lwd = 0, lwd.ticks = 1, las = 1)`
`box(bty = "l", lwd = 2)`

Hiyo `las = 1` hulaza namba, tusipinde shingo kuzisoma.

Kwa ggplot2, kifurushi cha R cha kuchora grafu, `theme_classic()` yatosha. Kama una mipangilio mingine ya `theme()`, iandike baada yake, la sivyo itafutwa. Na unene wa mstari tangu toleo la 3.4.0 ni `linewidth`, si `size` tena.