Unatafuta ukoo wako Tabora? Anzia kwa bibi

Kompyuta iache kwanza. Wengi huandika jina la babu kwenye FamilySearch, hawaoni kitu, wanakata tamaa siku hiyohiyo. Tovuti ile ni ya bure na ina faida zake, ila wazee wetu wengi wa Unyamwezi hawakuwahi kuandikwa popote inapochota. Mtangulize bibi aliye hai, na usingoje likizo.

Usimuulize mwaka, atakubahatishia ili akuridhishe. Muulize reli ilipofika Tabora (1912) baba yake alikuwa mtoto au ameshaoa, na Wabelgiji walipouteka mji Septemba 1916 familia ilikimbilia wapi. Akisema "babu", fuatilia ni babu aliyemzaa mama yake au ndugu wa huyo babu. Hapo ndipo miti mingi ya ukoo inapopinda.

Majina nayo yanasema. Doto ana Kulwa wake, na Shija huzaliwa baada ya mapacha. Ukimwona Shija kwenye orodha yako na juu yake hakuna mapacha, pengine kuna watoto wawili hawajatajwa. Huenda walifariki wachanga, kwa hiyo uliza taratibu, na si mbele ya kadamnasi.

Kwa familia za Kikatoliki, daftari la ubatizo la parokia halina mshindani. Mapadri Weupe, shirika la wamisionari wa Kikatoliki, wako huku tangu 1878. Kurasa za zamani mara nyingi ni Kilatini, lakini majina ya wazazi na msimamizi utayatambua. Usiishie hapo: soma pembeni. Ndoa huandikwa pale pamoja na mahali ilikofungwa, na ndivyo utakavyojua shangazi aliyepotea aliolewa Kigoma. Omba ruhusa kwa paroko mapema na usipige picha kienyeji. Mle mna siri za watu walio hai.

Waislamu, na yeyote asiye na daftari, wajaribu faili za mirathi mahakama ya mwanzo. Muhtasari wa kikao cha ukoo hutaja warithi wote, hata wale wa mke mdogo ambao nyumbani hawasemwi.

Jambo jingine: kijiji kinachotajwa leo huenda si cha asili. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha watu, makaburi yakabaki kwenye mahame. Tafuta mzee anayeyajua mahame hayo, nendeni kiangazi nyasi zikiwa chini, na umlipie bodaboda.