Gari-nyumba hadi Boundary Waters: pima mzigo kwa mabega

Kila mwaka mpya ukianza, wenzangu tunaoishi nao hapa Texas hunipigia simu kuulizia safari ya mitumbwi kule Minnesota. Swali la kwanza huwa ni gari: tukodi RV, yaani gari-nyumba, ya ukubwa gani, na inakula mafuta kiasi gani? Jibu langu halibadiliki. Gari lisubiri, tafuta kibali kwanza.

Boundary Waters iko kaskazini kabisa mwa Minnesota, mpakani na Kanada, ndani ya msitu wa taifa wa Superior. Ni zaidi ya ekari milioni moja za misitu na miamba, na maziwa yake yanapita elfu moja. Ulinzi ilionao sasa umetokana na sheria ya 1978, na sehemu kubwa ya maji yake hairuhusu injini. Ukitaka kulala ndani kati ya tarehe 1 Mei na 30 Septemba, lazima uwe na kibali kinachotaja lango utakaloingilia na siku utakayoingia, na kila lango lina idadi yake kwa siku. Nafasi hufunguliwa mwishoni mwa Januari kupitia tovuti ya Recreation.gov. Malango yanayopendwa, kama Moose Lake, hayangojei mtu anayekumbuka safari mwezi Juni.

Hapa familia za kwetu zinahitaji kusikiliza vizuri. Kundi moja mwisho ni watu 9 na mitumbwi 4. Mkiwa wengi mtaomba vibali viwili, lakini mkishaingia hamruhusiwi kukusanyika zaidi ya 9 mahali pamoja, hata kwa kula. Ukiwaalika shangazi na mashemeji wote, waambie hilo mapema.

Kutoka Dallas, njia ni barabara kuu ya I-35 karibu mwanzo hadi mwisho: Oklahoma City, Wichita, Kansas City, Des Moines, Minneapolis, hadi inapoishia Duluth kando ya Ziwa Superior. Ukishafika hapo, Ely, mji mdogo wa kuingilia Boundary Waters, uko mbele kwa saa mbili hivi. Jumla ni takriban kilomita 1,900. Vijana wenye gari dogo huzimaliza kwa siku mbili, ila kwa gari-nyumba nashauri siku nne. Chombo hicho ni kirefu na kizito, na ubavu wake ni mpana. Kwenye vilima vya Flint Hills, Kansas, upepo wa pembeni hukisukuma hadi mikono ichoke kukirudisha. Punguza mwendo, na upepo ukizidi tafuta mahali pa kusimama, mle, mngoje utulie.

Kabla ya kuondoka, soma umri wa matairi. Ubavuni kuna maandishi yanayoanza na DOT, na tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari-nyumba hukaa juani muda mrefu bila kutembea, kwa hiyo tairi huweza kuonekana jipya kwa kashata, yaani meno yake, huku mpira wake umeshazeeka. Andika pia kimo cha gari kwenye karatasi ubandike mbele ya dereva. Paa za vituo vya mafuta hazina huruma.

Minneapolis simameni. Kuna jamii kubwa ya Wasomali, na kwenye maduka ya Karmel utapata viungo na vyakula vya nyumbani ambavyo Ely usitegemee kuvipata.

Sasa nije kwenye jambo ninalolijali kuliko yote. Gari-nyumba lina jokofu, kabati, kitanda na jiko, na kwa sababu nafasi ipo, mtu hujaza. Lakini gari halivuki lango. Kati ya ziwa na ziwa kuna njia za miguu, na hapo kila kitu hupanda mabegani, pamoja na mtumbwi wenyewe. Ramani hupima njia hizo kwa rod: rod moja ni kama mita 5, na rod 320 ni maili moja. Ukiona rod 180, hesabu mita 900. Kama mzigo wako unahitaji safari mbili, utakwenda, utarudi, na utakwenda tena, yaani kilomita 2.7 kwenye mawe na matope.

Ndiyo maana nyumbani kwetu begi haliingii garini kabla mwenyewe hajalivaa akazunguka nalo mtaa mzima. Kinachomlemea kinatolewa, na mke wangu ndiye hakimu. Mtumbwi tunakodi Ely, na siku zote wa Kevlar, nyuzi nyepesi na imara: una kilo 20 hivi, wakati wa alumini hufikia kilo 30 na ushee. Tofauti ya bei naiona halali kabisa.

Chakula kisiwe cha makopo wala chupa, ni marufuku kuingia navyo. Unga wa ugali unafaa sana huko, kwani ni mkavu na unataka maji ya moto tu. Ongeza dagaa wakavu, tende, na chapati za siku mbili za kwanza. Vyote vikae kwenye chombo kilichoidhinishwa ambacho dubu hawezi kukifungua, au vining'inizwe mita 3.7 kutoka chini na mita 1.8 kutoka kwenye shina la mti.

Kuhusu majira, usubi hutesa kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Juni, kisha mbu hushika zamu. Mwisho wa Agosti ndio mtamu, ila shule nyingi za Texas huwa zimeshafunguliwa, kwa hiyo mwenye watoto achukue Julai pamoja na vyandarua vya kichwani. Wanaokwenda Mei wakumbuke kuwa barafu imetoka kuyeyuka juzi tu. Mimi nimekulia kando ya Ziwa Victoria na naogelea, lakini maji yale hukata pumzi ya mtu kabla hajapiga mkono hata mmoja. Jaketi okozi livaliwe na kufungwa, na watu wazima vilevile.

Mkifika, laleni kwanza kwenye kambi ya Fall Lake, ina sehemu zenye umeme. Kibali huchukuliwa siku ya kuingia au siku moja kabla, basi tumieni siku hiyo kupumzika na kuulizia duka la mitumbwi kama gari linaweza kubaki kwenye maegesho yao. Ndani, kambi haziwekewi nafasi: anayewahi ndiye anayelala. Ingieni majini alfajiri, na ifikapo saa nane mchana muwe mmeshapata pa kupiga hema.

Siku ya kutoka, usiguse usukani wa safari ndefu. Laleni tena Ely, mwoge, mwage tangi la choo, mpime upepo wa matairi, na kesho yake asubuhi mshike njia ya kusini.