Kabla hujamlaumu bakteria, zamisha chupa

Juzi jioni nimemkuta mdogo wetu mmoja maabara, hapa Tanga, chupa 12 zimepangwa mbele yake, anaandika daftarini: "Sampuli ya Amboni haizalishi haidrojeni." Nikanyanyua chupa moja nikatazama kizibo. Kimetobolewa sindano hadi kimekuwa chekeche. Nikavuta kiti nikakaa, kwa sababu sentensi ile ile niliwahi kuiandika mimi, kwa mkono huu.

Basi wadogo zangu mnaoanza kazi ya bakteria wa joto, hawa wanaokula sukari na kutoa gesi ya haidrojeni, nawapenda, lakini mwaka huu mmenichosha. Nisikilizeni.

1. Mkienda kwenye majimoto ya Amboni, jaza chupa mpaka ifurike ndipo ufunge. Pima joto na pH pale pale, si ukifika mjini. Na acheni kubeba barafu kama mnaenda kununua samaki! Hawa ni watu wa nyuzi 60 hadi 80. Adui yao mkubwa njiani ni ile hewa mnayoiacha shingoni mwa chupa.

2. Resazurini, ile rangi ya kuonyesha oksijeni, ikiwa ya waridi, oksijeni bado imo. Ongeza sisteini ya kuiondoa, subiri rangi ipotee, ndipo upandikize bakteria.

3. Mbegu (bakteria wa kuanzishia) ya tope la biogesi ichemshwe kwanza nusu saa, la sivyo methanojeni, vijidudu vinavyotengeneza methani, watakula haidrojeni yote nawe utabaki na methani. Kijana mmoja akaniuliza, "Dada, si tutaua wote?" Swali zuri sana. Wenye spora, lile umbo gumu la kujikinga, wanabaki. Lakini alipotoka hapo akaenda kuchemsha na sampuli ya majimoto! Bakteria wa joto kama Caldicellulosiruptor na Thermotoga hawatengenezi spora. Anayestawi kwenye nyuzi 70 si lazima aivumilie 100.

4. Vizibo. Hapa naomba mtulie.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa nalisha bakteria majimaji ya korona (mashine ya kusindika mkonge), yale yanayomwagika majani ya mkonge yakishakamuliwa, yana sukari tele. Chupa 24, nyuzi 70. Moja niliiita namba 9, mbegu yake kutoka Amboni. Usiku mmoja tu majimaji yalichafuka kama maji ya mchele, pH ikashuka kutoka 7 hadi karibu 5. Vizibo vya butili, mpira usiopitisha gesi kirahisi, vilikuwa vimeagizwa nje na havijafika, nikatumia vya silikoni nilivyovikuta kabatini, vimeshatumika na waliotangulia. Haidrojeni ndiyo molekuli ndogo kuliko zote. Inapita kwenye silikoni hata isiyo na tundu, sembuse ile. Nami kila siku nilivuta gesi kwa sindano kuipima, na kila nikipima naongeza tundu.

Siku ya kwanza haidrojeni ilikuwa nyingi. Ya pili imepungua. Ya tatu karibu haipo. Nikaamua kwamba namba 9 anaila haidrojeni yake mwenyewe. Nikaandika kurasa tatu za maelezo, nikasimama mbele ya wasimamizi nikayatetea. Wakati huohuo daftari langu mwenyewe lilikuwa linanipinga: asetati, ile ya siki, ilikuwa inapanda kila siku. Kila moli 1 ya asetati inayotoka kwenye glukosi huja na moli 2 za haidrojeni. Asetati ipo, haidrojeni haipo, na mimi sikujiuliza imekwenda wapi. Halafu, kwa kuwa nilihitaji chupa, nikazitia zote kwenye otoklevu, mtambo wa mvuke unaoua vijidudu vyote. Sikuweka akiba ya namba 9 ya kugandisha kwenye gliseroli, hata tone moja.

Mwezi mmoja baadaye mzee wetu wa maabara alichukua kizibo changu kimoja, akakifunga kwenye chupa tupu, akasukumia nitrojeni kwa sindano, akaizamisha ndani ya ndoo. Mapovu yakapanda kutoka kwenye kizibo, membamba kama uzi wa kushonea, moja nyuma ya jingine, hayaishi. Hakunisema. "Shika ndoo, mwanangu," akaniambia, akaenda kuchukua chupa nyingine. Nimerudi Amboni mara nne kumtafuta namba 9. Sijampata mpaka leo, na bado inaniuma.

5. Mengine kwa haraka. Poza chupa kabla ya kupima ujazo wa gesi, maana kwenye nyuzi 70 mvuke wa maji peke yake ni karibu theluthi ya kanieneo ya hewa. Gramu 1 ya glukosi haiwezi kukupa zaidi ya mililita 550 hivi za haidrojeni kwa joto la Tanga. Ukipata 800, rudia hesabu. Kwenye kromatografia, mashine ya kutenganisha na kupima gesi, tumia nitrojeni au agoni kubeba gesi, si heliamu. Funika beseni la maji moto usiku, litakauka. Gesi ya kutupa itoke dirishani: haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa inashika moto, na mchana mwali wake hauonekani kirahisi.

Yule mdogo wangu tulizamisha chupa zake zote jioni ile ile. Saba zilitoa mapovu. Tumehamisha mbegu kutoka zote 12 kwenda chupa mpya zenye vizibo vya butili, na akiba ya gliseroli ipo kwenye friza, ameiandika lebo mwenyewe. Ile sentensi ya daftarini ameikata kwa mstari mmoja, bado inasomeka, na pembeni ameandika tarehe.