Shangazi, mama mkwe kagoma kunisamehe na Mungu kashanisamehe

"Shikamoo shangazi. Nina miaka 5 kwenye ndoa. Mama mkwe aliniambia siri ya ugonjwa wake, nikaiweka kwenye grupu letu la maombi ili wapendwa wamuombee. Akajua, akakasirika, huu mwezi wa 4 haongei na mimi. Nimetubu, nimefunga siku 3, nina amani kwamba Mungu kashanisamehe. Nikamtumia meseji, 'mama kama kuna mahali nilikukwaza nisamehe', nikamwekea na mstari wa saba mara sabini. Tiki za bluu naziona, hajibu. Mume wangu nimemwambia aongee na mama yake, anasema hayo ni yenu. Mwezi ujao narudi kazini na yeye ndo alikuwa anakaa na mtoto. Hivi mtu wa kanisani kila Jumapili anakuwaje na moyo mgumu hivi? Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Pole, kununiwa na mkwe kunachosha. Pole imeishia hapo, sasa tuongee.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nilikuwa natafuta kitu kimoja tu, mahali uliposema ulienda kumwona. Sijapaona. Umefunga, umeandika meseji, umemtuma mume, umeniandikia mpaka mimi ambaye hunijui, yaani wote umetufikia isipokuwa yule uliyemkosea. Halafu eti "nikaiweka kwenye grupu", kama mtu aliyeweka sufuria jikoni. Siri ya ugonjwa wa mtu mzima haiwekwi mwanangu, ile umeianika, na hata ukimalizia na "tumuombee wapendwa" bado ni umbea umevaa nguo za Jumapili. Ulishindwa nini kusema kuna mama mmoja anaumwa? Mungu asingemjua ni nani?

Na hiyo meseji yako bora usingeituma. Kama kuna mahali? Mahali unapajua, siku unaijua, hadi waliosoma unawajua mmoja mmoja! Yule mwana mpotevu wa Luka 15 alijipanga maneno akiwa bado kwa nguruwe, na alichokipanga ni nimekosa juu ya mbingu na mbele yako, hakuna "kama" pale. Halafu saba mara sabini uliitoa wapi ukampelekea mwenzio? Aliyeuliza ni Petro, anauliza mtu akimkosea amsamehe mara ngapi, na Yesu akamjibu yeye aliyekosewa. Mkosaji ukiushika mstari huo ukampelekea uliyemuumiza unakuwa umeenda kumdai. Kosa lako na deni unadai wewe!

Wa kwako uko Mathayo 5, aya ya 23 na 24, ukileta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache pale, nenda upatane naye kwanza, kisha urudi uitoe. Soma taratibu. Haisemi wewe una neno juu yake, inasema yeye ana neno juu yako. Mungu mwenyewe yuko tayari sadaka yake isubiri, wewe umeitoa ukamaliza ukaondoka na amani. Hiyo amani mi naitilia shaka.

Yakobo alimpokonya kaka yake baraka akakimbia, akakaa ugenini miaka 20. Siku ya kurudi anasikia Esau anakuja na watu 400, akaogopa, akaomba sana tu, ila hakuishia kwenye maombi. Alitanguliza zawadi ya mifugo zaidi ya 500, watumishi nao akawatuma mbele ndiyo, lakini saa yenyewe ilipofika alipita mbele ya wake zake na watoto, anachechemea, akainama hadi chini mara 7. Esau ndo akakimbia kumkumbatia, wakalia wote. Na bado hawakuondoka pamoja, kila mtu alishika njia yake. Kwa hiyo hata mkipatana usitegemee atakupa siri nyingine, hiyo sahau kabisa.

Mume wako mwache, namsifu. Ndoa zenu za siku hizi zina wajumbe kuliko mkutano mkuu, mke akikosana na mkwe mume anapewa barua apeleke, akikataa anaitwa mtoto wa mama, mara grupu la maombi, mara status ya mafumbo, mara shangazi wa mtandaoni kama hivi, na hao wawili wenye ugomvi hawajakaa kiti kwa kiti hata dakika 10, halafu mnasema shetani kaingia kwenye familia. Shetani gani, ni simu tu mmeshika.

Nenda mwenyewe, mchana. Sema, "mama uliniamini ukaniambia, mimi nikakutoa kwa watu, nimekosa." Nyamaza hapo. Usianze "lakini nia yangu ilikuwa maombi", ukisema lakini umefuta yote. Akifoka msikilize, akikaa kimya kaa naye, asipofungua mlango rudi siku nyingine bila kumsimulia mtu kwamba hakufungua. Zakayo aliahidi kurudisha mara 4 kwa kila aliyemnyang'anya, siri hairudi, ila kwenye grupu unaweza kukiri kwamba ulitoa jambo lisilokuwa lako na kuwaomba waliache, ugonjwa usiutaje tena. Muulize yeye kwanza kama anataka useme hivyo, maana unaweza kuwakumbusha waliokwisha sahau.

Na ukifika muulize hali yake. Barua nzima hujaniambia anaendeleaje, umeniambia tu nani atakaa na mtoto. Mtafutie mtoto mlezi kabla hujaenda kwa mama, usije ukaonekana mlangoni unaomba msamaha na begi la nepi begani.