Jibu: Kutoka wodini kwenda kufundisha uuguzi wa afya ya akili

Ndugu, umeuliza kama muuguzi wa afya ya akili akihamia chuo kikuu ataupoteza ujuzi wa wodini, na kama unaruhusiwa kuwafanyia utafiti wanafunzi wako mwenyewe.

La kwanza halinisumbui. Omba siku ya kliniki kila wiki iandikwe kwenye mkataba, maana ahadi ya mdomo humezwa na vikao. Darasani, kinachofundishika kwa shida ni kukaa na mgonjwa bila kukimbilia kumshauri. Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani aliyeandika nadharia ya uuguzi, aliuweka uhusiano wa muuguzi na mgonjwa kuwa kiini cha kazi hii tangu 1952, lakini slaidi haziufundishi. Mpe mwanafunzi igizo, anyamaze dakika nzima, kisha mjadili alichohisi.

Utafiti ndio wenye mitego. Mwanafunzi unayemsahihishia mtihani hawezi kukukatalia kwa uhuru, hivyo ridhaa ichukuliwe na mtu mwingine, nawe usijue nani kashiriki hadi alama zitoke. Ukitumia dodoso la PHQ-9 (maswali tisa ya kupima dalili za sonona), swali la 9 linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Kamati ya maadili itakubana: mtu akijibu kwamba yanamjia, nani atamwona, na lini? Dodoso lisilo na jina (wengi hulipenda kwa sababu ya usiri) halikupi namna ya kumfikia.

Mimi ningeanza na mahojiano ya kina na wauguzi wa wodini nisiowasimamia, dodoso la wanafunzi lingoje.