Shupaza 4 na kwini ya pau iliyojificha: jibu kwa mleta mada

Mkuu, nimeusoma uzi wako wa mkono wa bridge, ule wa shupaza 4 (ahadi ya kula mara kumi, shupaza zikiwa turufu) ulioanguka kwa moja, pamoja na majibu ya waliotangulia. Naona wengi wamekimbilia kwenye mnada (zile zabuni za kabla karata hazijashuka) kwa sababu mwenzako naye alianza kulalamikia hapo, kwamba una tamaa na kwamba shupaza 3 zingetosha. Mimi nasema mnada haukukuangusha. Gemu, yaani mkataba wenye bonasi kubwa kama hizo shupaza 4, ilikuwa halali yenu, na ilikuwa inachezeka bila kubahatisha. Kilichokuponza ni kuigusa pau kabla ya kopa.

Kwa wanaoingia sasa, mkono ulikuwa huu. Mchezo wa timu (mkono ule ule huchezwa pia meza ya pili), alama za IMP (tofauti ya meza hizo mbili ikigeuzwa kuwa alama ndogo), pande zote mbili hatarini (bonasi na adhabu ni kubwa zaidi), Mashariki ndiye aliyegawa.

Kaskazini (dami, mkono wa mwenzako unaolazwa wazi mezani):
Shupaza Q 10 7 3
Kopa K J 4
Uru 7 6 2
Pau K 10 5

Kusini (mleta mada):
Shupaza A K J 8 4
Kopa Q 6
Uru 9 5
Pau A J 7 3

Mashariki alipita, wewe ukafungua shupaza 1, Magharibi akapita, mwenzako akapandisha hadi shupaza 2, Mashariki akapita tena, nawe ukaruka moja kwa moja hadi 4. Magharibi akaanza na kwini ya uru. Ikala. Akaja na jeki, nayo ikala. Akaleta 10 ya uru, Mashariki akatoa kingi juu yake, ukaikata kwa turufu. Ukapiga ree ya shupaza, kisha ukaenda kwa kwini ya dami, turufu zikaisha mbili-mbili. Hapo ukatoa pau 5 kutoka dami, ukaweka jeki, Magharibi akala kwa kwini. Baadaye ree ya kopa ikaja kuchukua chake, ukabaki umekula mara tisa. Meza ya pili walisimama shupaza 3, wakala tisa zao.

Nianze na mnada, ingawa nitaumaliza haraka. Una pointi 15 (ree 4, kingi 3, kwini 2, jeki 1) na mwenzako kasema ana kati ya sita na tisa hivi, na turufu anazo. Mkiwa hatarini kwenye mchezo wa timu, shupaza 4 zikitimia zinaleta 620. Meza ya pili wakiwa na 140, tofauti ni 480, yaani IMP 10 kwenu. Mkianguka kwa moja mnapoteza 100, na wale wa meza ya pili wana 140, tofauti 240, IMP 6 zimeondoka. Kumi kwa sita. Ukipiga hesabu hiyo, gemu yenye nafasi kama 38 kwa mia tayari inalipa. Hii habari ya hatarini iliingizwa na Harold Vanderbilt mwaka 1925 alipotunga upya alama za mchezo huu, na kazi yake ni kubadili thamani ya ujasiri kutoka mkono hadi mkono. Msipokuwa hatarini, gemu hiyo hiyo ni 420 na kuanguka ni 50, kwa hiyo unahitaji nafasi inayokaribia nusu kwa nusu. Mwenzako asikupimie kwa kipimo kimoja siku zote.

Nisichokipenda ni kule kuruka. Kati ya shupaza 2 na 4 kuna nafasi ya kuuliza, na swali lenyewe lilikuwa pau 3. Ukitaja rangi mpya baada ya mwenzako kukubali turufu yako, unamwambia: tumeshaelewana kwenye shupaza, sasa niangalizie hapa, una cha kunisaidia? Yeye ana kingi na 10 ya pau, na pointi tisa, kilele cha alichoahidi. Angeruka shupaza 4 mwenyewe, na leo asingekuwa na mdomo wa kulalamika. Angekuwa na pau tatu ndogo na pointi sita, angerudi shupaza 3 na mngesimama salama. Wapo watakaosema kuuliza kunawapa wapinzani habari za mkono wako. Ni kweli, na kuna mikono ninayoruka kimya kimya kwa sababu hiyo hiyo, hasa nikiwa na rangi ndefu ya pembeni nisiyotaka waijue. Huu haukuwa mmoja wao.

Sasa tuingie kwenye mchezo, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Baada ya mizunguko mitatu ya uru na turufu kuisha, umeshapoteza mara mbili na ree ya kopa haikwepeki. Hiyo ni mara tatu. Kila kitu kinasimama kwenye kwini ya pau, na ubaya au uzuri wake ni kwamba unaweza kuitega pande zote mbili: kutoka dami kwenda kwenye jeki yako, ukimtega Mashariki, au kutoka mkononi kwenda kwenye 10 ya dami, ukimtega Magharibi. Umeandika kwamba ilikuwa nusu kwa nusu, ukachagua. Nusu kwa nusu ni kweli kabla karata ya kwanza haijashuka. Wakati wewe unaigusa pau haikuwa hivyo tena, na ungesubiri kidogo tu, mashaka yote yangeisha.

Hesabu nami. Wewe una 15, dami ina 9. Jumla ya pakiti nzima ni 40, kwa hiyo wapinzani wana 16. Zimekaa wapi? Ree, kingi, kwini na jeki ya uru, hizo ni 10. Ree ya kopa, 4. Kwini ya pau, 2. Hakuna nyingine.

Magharibi alianza na kwini ya uru. Mtu mwenye kingi na kwini huanza na kingi. Mwenye ree na kwini haanzi na kwini dhidi ya mkataba wa turufu. Kama ana ree na anataka rangi hiyo, anaitoa ree yenyewe, la sivyo anaiacha rangi. Kwa hiyo kwini ile ilisema: nina jeki chini yangu, juu yangu sina kitu. Mashariki akatoa kingi mzunguko wa tatu kwa sababu hakuwa na dogo tena. Ree ya uru hukuiona kabisa, na nadhani ndiyo maana hukuihesabu, lakini iko kwa Mashariki. Kwa hiyo pointi zake saba tayari unazijua.

Sasa badala ya pau, rudi mkononi kwa turufu, kisha toa kwini ya kopa. Huna cha kupoteza, maana ree yao itakula siku yoyote utakayoicheza. Unachofanya ni kuiuliza: wewe unakaa kwa nani? Kwenye mkono huu inatoka kwa Mashariki. Saba na nne, kumi na moja. Kisha rudi mwanzo kabisa wa mnada: Mashariki ndiye aliyegawa, alipata nafasi ya kwanza kusema, akapita. Mtu mwenye ree mbili, kingi na kwini, pointi 13, hapiti. Mwenye 11 na mkono uliolala bapa, nne-nne-tatu-mbili, anapita bila kujiuliza. Kwini ya pau haiwezi kuwa kwake, iko Magharibi.

Kilichobaki ni mikono tu. Piga ree ya pau, kisha toa dogo kuelekea dami. Magharibi akitoa dogo, weka 10, italala hapo bila bughudha. Akiiweka kwini, kingi inaifunika, halafu 10 na jeki zinatembea. Umekula mara kumi.

Kuna mdau mmoja hapo juu kauliza, je, Mashariki akiwa mjanja akaikataa kwini ya kopa, asitoe ree? Swali zuri. Basi toa kopa 6 kwenda kwa kingi. Akitoa ree sasa, umeipata habari yako vile vile. Akikataa na mara ya pili, ameshachelewa: mkononi huna kopa tena, ree yake haina cha kula, na hata ukiikosea pau gemu imetimia kwa sababu utakuwa umepoteza mara tatu tu. Ndiyo raha ya kuanza na rangi ambayo jibu lake haliwezi kukudhuru.

Na kama ree ya kopa ingetoka kwa Magharibi? Hapo Mashariki ana saba tu, Magharibi ana saba pia, na ukimya wa kila mmoja hausemi kitu. Ungeanza kuhesabu urefu: nani ana karata nyingi zaidi za pau, maana mwenye nyingi ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuwa na kwini. Ungezipiga kopa zilizobaki kwanza uone nani anaishiwa. Usipopata kitu, basi bahatisha kwa amani, hakuna atakayekulaumu.

Njia hii ya kusoma urefu nimeitumia sana kuliko hii ya pointi. Kuna mkono nilioucheza mtandaoni, shupaza 4 pia, ambapo Magharibi alifungua uru 3, yaani uru saba na mkono dhaifu. Sisi tulikuwa na turufu tisa: dami K 9 6 2, mimi A J 10 7 3. Mazoea yanasema mkiwa na tisa na kwini haipo, piga ree na kingi, itaanguka. Mazoea hayo yanazidi mtego kwa kiasi kidogo sana, na yanafaa tu pale ambapo hujui chochote. Mimi na dami tulikuwa na uru mbili-mbili, kwa hiyo Mashariki naye alikuwa nazo mbili. Ukiondoa uru, Magharibi amebakiwa na nafasi sita za karata nyingine, Mashariki ana 11. Nikapiga kingi ya dami, wote wakafuata. Nikatoa dogo, Mashariki akatoa dogo, nami nikaweka jeki. Magharibi akatupa uru. Mwenzangu akaniandikia pembeni kwamba nina bahati, na kwa kuwa alikuwa mgeni kwangu sikubishana naye.

Kwa hiyo ukiniuliza nifanye nini mezani, ninachofanya mimi ni hiki: dami ikishashuka, kabla sijaigusa karata ya kwanza, naurudia mnada kichwani kwa sauti ya kimya. Nani alipita, alipita lini, angepita na nini na asingepita na nini. Wengi wetu tumetoka kwenye karata za turufu za barazani, ambako hakuna mnada wa kuusoma, kwa hiyo tunakuja na macho mazuri ya kuona karata zinazoshuka lakini hatuna mazoea ya kuzihesabu zisizoshuka. Pasi tunaichukulia kama mtu hakusema kitu. Kumbe Mashariki wako kwa pasi yake ile alikuambia mambo mengi kuliko mwenzako na shupaza 2 zake.

Jambo jingine, umesema kompyuta ya BBO (tovuti ya kuchezea bridge) inaonyesha shupaza 4 zinatimia, ukaitumia kama ushahidi wa mnada. Usiitumie hivyo. Ile inaona mikono yote minne, kwini ya pau kwake haijajificha, kwa hiyo ingekuambia kumi hata kwenye mkono ambao mwanadamu yeyote angebahatisha. Ushahidi wako ni zile IMP 10 kwa 6 nilizoandika juu. Mwonyeshe hizo. Halafu mkubaliane mapema, kabla ya mchezo unaofuata, kama pau 3 baada ya shupaza 2 kwenu maana yake ni kuomba msaada au kuonyesha rangi ya pili yenye nguvu, maana nimeona watu wakicheza zote mbili, na majibu hayafanani. Mwenye Q 5 kwenye rangi hiyo anakubali kwa maana moja na anasitasita kwa nyingine. Mimi nacheza ya kuomba msaada na sijapata sababu ya kuiacha.

Ule mkono wako wa pili, wa 3 bila turufu, hujaandika karata za dami zote. Naona zipo 12 tu. Ukizikamilisha nitautazama.