Dawa ya tumbo ndani ya chakula: kwa mnaoanza kazi ya samaki wa mapambo Kigoma

Ukiingia kwenye nyumba ya matangi asubuhi, kabla hujagusa wavu, inama uangalie sakafu ya kila tangi. Kinyesi cha Tropheus, samaki wetu wa miambani anayekula mwani, akiwa na afya huwa cha kijani kilichokolea au kahawia, kinakatika vipande vifupi na kuzama. Ukiona uzi mweupe, mrefu, unateleza kama kamasi, umening'inia nyuma ya samaki na haukatiki, kazi yako ya siku hiyo umeshaipata. Kusafisha vioo na kuhesabu mifuko vitasubiri.

Nimekaa kwenye kazi hii Kigoma miaka 11, nikipokea samaki kutoka kwa wazamiaji na kuwatunza mpaka siku ya kusafirishwa. Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaoanza, kwa sababu naona mnafundishwa vizuri kubadilisha maji na kufunga mifuko, lakini habari ya tumbo la samaki mnaachiwa mjifunze kwa kufukia samaki. Si lazima iwe hivyo.

Kwanza mjue kwamba samaki wa porini hafiki kwetu akiwa msafi tumboni. Kule kwenye miamba yake anakwangua ukoga tangu kunapambazuka, na vijidudu vichache alivyo navyo wanaishi naye bila ugomvi. Mtoe hapo, mpitishe kwenye wavu, ndoo, boti na jua la mchana, umwingize kwenye tangi lenye wenzake 40 wanaogombea kona, kinga yake inashuka na vijidudu wanazaana. Tropheus anaumia zaidi kwa sababu utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili. Umeumbwa kusaga mwani polepole. Ukimpa chakula kizito cha nyama katika siku hizo za hofu, ndipo tumbo linavimba, anajibanza juu pembeni karibu na pampu, anahema haraka, na keshokutwa humkuti.

Mtu ataniuliza: kwa nini nihangaike na chakula, si nitie dawa kwenye maji? Samaki wa maji baridi hanywi maji, au anakunywa kidogo mno. Maji yanaingia mwilini mwake yenyewe kupitia matamvua, na figo zinafanya kazi ya kuyatoa. Wa baharini ni kinyume: chumvi inamkausha, inambidi anywe. Ndiyo maana wenzetu wa pwani wanaotunza samaki wa matumbawe, dawa wakiitia kwenye maji, sehemu yake hufika tumboni. Hata hao, mdudu akiwa wa utumboni, huona chakula ni njia ya uhakika zaidi. Kwetu sisi wa Ziwa Tanganyika, ambako samaki hanywi, dawa ya majini inalisafisha tangi zaidi kuliko inavyolifikia tumbo. Tena unatumia nyingi: tangi la lita 400 linataka dawa ya kutosha maji yote lita 400, wakati samaki wote waliomo hawafiki hata kilo moja.

Kabla ya kupika dawa, jua unapigana na nani. Hadubini ya shule, hata ya mtumba, inatosha. Nyonya kinyesi kilichotoka sasa hivi kwa mpira mwembamba, weka tone kwenye kioo, funika, angalia ndani ya robo saa. Ukichelewa, vijidudu vyenye mikia vinakufa na utadhani samaki ni mzima. Vikiwa hai utaviona vikichomoka huku na huku kwa kasi, kama mbu waliofunguliwa kwenye chupa. Hao dawa yao ni metronidazoli. Ukiona mayai yenye kizibo kila ncha, hiyo ni minyoo ya mviringo aina ya Capillaria. Ukiona nyuzi nyekundu zimechungulia kwenye njia ya haja ya samaki, hiyo ni Camallanus, nayo inazaa watoto hai, kwa hiyo usitafute mayai. Minyoo ya mviringo hutibiwa kwa fenbendazoli au levamisoli. Minyoo bapa, tegu na wenzake, ni prazikwanteli. Dawa moja haifanyi kazi ya nyingine. Kumpa samaki mwenye tegu metronidazoli ni kumchosha bure.

Sasa vipimo, na hapa naomba mkae chini mnisikilize, kwa sababu ndipo nilipopotezea samaki wengi.

Dawa ya kwenye chakula inapimwa kwa uzito wa samaki. Ukubwa wa tangi hauhusiki. Tuseme una Tropheus 20, kila mmoja gramu 30. Jumla gramu 600. Metronidazoli ni miligramu 50 kwa kilo ya samaki kwa siku, siku 5 mfululizo. Kwa gramu 600 ni miligramu 30 kwa siku. Siku za dawa mimi nalisha asilimia 1 ya uzito wao, yaani gramu 6 za chakula, ili wawe na njaa kidogo na wamalize. Kwa hiyo kila gramu ya chakula ibebe miligramu 5 za dawa. Kidonge cha miligramu 200 kinatosha gramu 40 za chakula. Siku 5 zinakula gramu 30, zinabaki 10 za kuanguka na kumwagika.

Fenbendazoli ni miligramu 25 kwa kilo kwa siku, siku 3, halafu unarudia baada ya siku 14 ili kuwawahi walioanguliwa nyuma. Ile ya maji ya mifugo yenye asilimia 10 ina miligramu 100 kwa mililita, kwa hiyo samaki wetu wale wa gramu 600 wanahitaji mililita 0.15 tu kwa siku. Tumia bomba la sindano la mililita 1. Kijiko hakiwezi kupima hivyo. Na levamisoli ukiinunua duka la mifugo, soma chupa yote, kwa sababu mara nyingi imechanganywa na dawa nyingine ya minyoo ya ini ya ng'ombe. Hiyo iache hapo hapo rafuni. Prazikwanteli ni miligramu 50 kwa kilo mara moja, nami huirudia baada ya wiki.

Kosa langu lilikuwa hili. Mwaka wangu wa pili nilisaga vidonge vya metronidazoli, nikachukua mizani ndogo, nikapima miligramu 200 za unga nikijua nimepata miligramu 200 za dawa. Sikuwa nimezipata. Kidonge kina dawa na kina unga wa kukishikilia. Kizima kinazidi kwa mbali namba iliyoandikwa kwenye pakiti. Kwa hiyo wiki nzima niliwapa samaki dawa pungufu. Wakapata nafuu, nyuzi nyeupe zikaisha, nikafurahi. Wiki mbili baadaye zikarudi, na safari hii wengi walikuwa wameshaacha kula. Nilifukia Tropheus duboisi 31, wadogo, wale weusi wenye madoa meupe kama nyota. Bado nawaona. Tangu siku hiyo napima kidonge kizima kwanza, naandika uzito wake, na nikitaka nusu ya dawa nachukua nusu ya uzito huo.

Kupika kwenyewe ni rahisi. Twanga kidonge kwenye kinu kidogo mpaka unga ulainike kama poda, usiwe na chembe. Chemsha maji vijiko viwili vya chakula, koroga ndani yake kijiko kimoja cha chai cha jelatini isiyo na sukari. Subiri ipoe mpaka kidole kivumilie. Usitie dawa kwenye maji yanayotokota. Tia unga, kamulia punje moja ya kitunguu saumu, koroga, mwagia juu ya gramu 40 za chakula kikavu cha spirulina, yaani cha mwani, huku ukigeuza kila punje ipate. Tandaza kwenye sinia, weka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi punje ziwe zinang'aa na hazigandi vidoleni. Jelatini ndiyo inayozuia dawa isiyeyukie majini kabla ya kufika mdomoni, na kitunguu kinafunika uchungu. Metronidazoli ni chungu, prazikwanteli ni chungu zaidi. Ilambe kwa ncha ya ulimi mara moja ujue unamlisha nini mwenzako, kisha nawa mikono. Hifadhi kwenye kopo lisilopitisha mwanga, usizidishe wiki.

Sasa kulisha. Tia punje chache tu, simama, tazama mdomo. Samaki anaichukua, anaigeuzageuza, mashavu yanacheza mara mbili tatu, halafu aidha anameza au anaitema. Akiitema, akaichukua tena na kuitema tena, huyo hajapata dawa, hata kama tangi limebaki tupu na wewe umeandika "wamekula". Ongeza kitunguu, au waache na njaa siku moja. Cyphotilapia, yule mwenye nundu kichwani, hana shida hiyo: mdomo mkubwa, anameza bila kuonja. Mlishe magharibi giza likianza kuingia, ndio wakati wake.

Kwa Tropheus tatizo kubwa ni ubabe. Dume kubwa linakaa katikati na kufukuza wengine. Ukimwaga chakula mahali pamoja, linakula dozi ya watatu na mgonjwa wa pembeni hapati hata punje. Mnapaswa kuwa wawili, kila mmoja upande wake wa tangi, mkitia kidogo kidogo kwa wakati mmoja sehemu tatu au nne. Yule aliyejibanza karibu na pampu, mletee punje kwa bomba mpaka mbele ya pua. Inachosha mgongo, lakini ndiyo inayomponya.

Asiyekula kabisa huwezi kumtibu kwa chakula. Hapo umechelewa na unabaki na njia ya maji. Mtenge kwenye tangi dogo lenye hewa nyingi, tia metronidazoli miligramu 6 hadi 7 kwa lita kila siku, siku 5, ukibadilisha sehemu ya maji kabla ya kila dozi. Wachache hufungua mdomo siku ya tatu. Akifungua tu, mhamishie kwenye chakula chenye dawa siku hiyo hiyo.

Mambo mawili siwezi kuyaacha. Prazikwanteli inayogawiwa shuleni bure ni ya watoto wenye kichocho, na ziwa letu linawapa kichocho cha kutosha. Akija mtu kukuuzia ya kificho, mrudishe. Nunua dukani kwa risiti. Na samaki aliyepewa dawa hizi haendi kwenye sufuria ya mtu, wala harudishwi ziwani, wala maji yake hayamwagwi kwenye mfereji unaoshuka ziwani. Yamwage shimoni, mbali na maji. Tunaishi kwa ziwa hili.

Dozi ikiisha, wape wiki nzima ya chakula cha kawaida, chepesi, mwani na mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto. Rudi kwenye hadubini. Kinyesi kikiwa kijani, kifupi, na kiooni hakuna kinachokimbia, ndipo unaanza kuwafungisha, yaani kuwanyima chakula, siku mbili hadi tatu kabla ya kupakia, wasichafue maji ya mfuko njiani. Usianze kuwafungisha ukiwa bado una mashaka. Mwambie bosi safari isogee wiki moja, umwonyeshe kioo mwenyewe aangalie.